Je, Wajua? Nyoka Anayechoma Mdomo Ukiwa Umefumba

Anayejifunza kushika nyoka hufundishwa kanuni moja kabla ya zote: mbane kichwa kwa fimbo, mshike nyuma ya taya, na hapo hana tena la kukufanya. Kanuni hiyo imewafaa wengi waliokamata swila, bafe na hata koboko. Lakini yuko nyoka mmoja mdogo, mweusi na mwembamba, ambaye kwake kanuni hiyohiyo ndiyo inayompeleka mshikaji hospitali. Pwani ya Kenya yupo. Wengi wanaoishi naye hawajapata kumwona, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yake hupita chini ya udongo.

Kitaalamu anaitwa Atractaspis bibronii. Hapa tumwite nyoka mchimbaji, ijapokuwa kazi ya kuchimba haiwezi sana: hupenya mchanga uliolegea, huteleza chini ya majani yaliyooza, na mara nyingi hujipatia makazi kwenye matundu ya panya, katika vichuguu vya mchwa au chini ya gogo. Wengi wao huwa na urefu wa sentimita 30 hadi 50. Macho ni madogo mithili ya kichwa cha pini, kichwa hakitofautiani na shingo, na magamba yanang'aa hata yakitoka matopeni.

Je, wajua kwamba hana haja ya kufumbua mdomo?

Nyoka wengine wa sumu hufumbua kinywa na kurusha kichwa mbele. Huyu hana nafasi ya kufanya hivyo. Tundu la panya limezidi kidogo tu unene wa kiwiliwili chake. Taya la chini likishuka litagota udongo, na kichwa hakina pa kurudi nyuma ili kipate kasi. Basi ana njia yake. Mfupa wa taya la juu unaobeba chonge huzunguka, na chonge ikajitokeza pembeni mwa mdomo, ncha ikielekea nyuma. Midomo imefumba, au imeachana kidogo mno. Nyoka hupita ubavuni mwa windo lake, huliegemezea kichwa, kisha hukivuta kichwa chini na nyuma kwa ghafla. Chonge yenyewe ni ndefu kupita kiasi kwa kichwa kile, ina uwazi ndani wa kupitishia sumu, na kwa umbo inakumbusha ile sindano iliyopinda ya kushonea magunia. Hutumia moja kwa wakati mmoja: ya kulia kwa windo lililo kulia, ya kushoto kwa lililo kushoto.

Sasa mrudie yule mshikaji. Kidole gumba kiko upande mmoja wa shingo, cha shahada upande wa pili. Hapo ndipo hasa zinapofikia chonge. Hana haja ya kugeuka wala kupanua kinywa. Anatikisa kichwa kidogo tu na kidole kimechomwa. Wataalamu wa nyoka wanakubaliana kwamba hakuna namna ya kumshika huyu kwa mkono mtupu ikawa salama, si kwa kichwa, si kwa mkia, na mfuko wa kitambaa usiuegemeze mwilini ukiwa naye ndani, kwani chonge hupenya nguo.

Akisumbuliwa, hukunja shingo kama upinde na kuelekeza pua chini, kana kwamba anatafuta pa kuingilia ardhini. Mtu asiyemjua hudhani amemwogopa. Baadaye huanza kujirusha huku na huko, na hapo aliye karibu na asogee.

Kaunti ya Kwale, huku pwani, ina nafasi gani katika habari hii?

Anayeijua Kwale kwa fukwe za Diani pekee atashangaa kusikia nyoka wa nchi kavu akitajwa. Lakini toka Ukunda upande hadi Kwale mjini, upite misitu ya Shimba Hills, uteremkie Kinango, halafu ushike njia ya Samburu, Taru na Mackinnon Road. Ni kaunti moja, na ndani ya safari ya saa chache umetoka kwenye minazi ukaingia kwenye migunga, miiba na mabwawa yaliyokauka. Baharini kuna mwamba wa matumbawe, nyuma yake mchanga, kisha udongo mwekundu unaolegea, halafu vilima, halafu nyika.

Kwa kiumbe anayeishi kwa kupenya, ulaini wa udongo ni muhimu kuliko wingi wa mvua. Ndiyo maana nyoka huyu anatajwa kuanzia Afrika Kusini hadi pwani ya Kenya, katika nchi zilizotofautiana sana kwa mvua. Nduguze wa ukame halisi wako kaskazini zaidi. Atractaspis engdahli, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1913, anaishi kusini mwa Somalia na kaskazini mashariki mwa Kenya, mahali ambapo mwaka unaweza kupita bila mvua ya maana.

Hata hivyo mvua ndiyo inayomtoa. Masika yakianza, au vuli ikipiga kwa nguvu baada ya kiangazi, maji huingia matunduni na udongo hushiba. Usiku wake nyoka hawa hutambaa juu. Saa hizo ndizo askari wa usiku anapozunguka ua wa hoteli, mvuvi wa Msambweni anaposhuka pwani, na mama anapotoka nje na champali miguuni. Wengine huchomwa wamelala, kwa kuwa mkeka umetandikwa chini na nyoka anatafuta panya aliyejificha hapohapo. Kwenye bustani zenye bwawa la kuogelea, viumbe wa chini ya ardhi wanaotambaa usiku huanguka majini na kuonekana asubuhi, na mfanyakazi huinama kumtoa mmoja kwa vidole akidhani ni mnyoo mkubwa. Wavu wa kuchotea majani upo ukutani pale pale!

Je, wajua kwamba akiingia kiotani huua wote kabla ya kula hata mmoja?

Chakula chake ni vile vinavyopatikana chini: mijusi laini ya mchangani, mijusi isiyo na miguu inayofanana na minyoo, nyoka wenzake wadogo, na vitoto vya panya ambavyo havijaota manyoya. Kwenye kiota cha panya hujitokeza tabia ambayo watafiti waliofuga nyoka wa kundi hili waliiona na kuieleza mwaka 2003. Nyoka akikuta vitoto vingi haanzi kula. Huzunguka, huchoma kimoja, huchoma cha pili, hadi vyote vimekwisha kupata sumu. Ndipo hurudi kuvimeza, kimoja baada ya kingine.

Ukilifikiria sana, ni jambo la busara. Mlo ni mrefu, njia ni nyembamba, na mama panya huenda akarudi wakati wowote.

Lakini silaha hiyo ina gharama yake, na hapa ndipo ninapomwonea huruma kidogo. Ili chonge ndefu zipate nafasi ya kuzunguka ndani ya kichwa chembamba, meno mengine ya juu yamepungua mno. Nyoka wa kawaida humeza kwa kutembeza safu za meno juu ya windo, kulia kisha kushoto, na windo likaingia kidogo kidogo. Huyu hana safu hizo za kutosha. Humlazimu kukisukumiza kichwa mbele kwa kupinda shingo huku na huku, akitumia nguvu nyingi na muda mrefu kwa tonge ambalo nyoka mwingine angelimaliza upesi. Maumbile yamempa namna ya kuua mahali pasipo nafasi, yakamnyima urahisi wa kula.

Tezi za sumu nazo zina kituko. Katika baadhi ya nyoka wa kundi hili hazikai nyuma ya jicho kama tulivyozoea, bali hurefuka kupita shingo hadi ndani ya kiwiliwili.

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu aliwekwa katika ukoo usio wake?

Mwaka 1849 Andrew Smith, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Afrika Kusini, alimweleza nyoka huyu na kumpa jina la Gabriel Bibron, mwanazuolojia wa Ufaransa aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa sababu ya zile chonge ndefu zenye uwazi, wataalamu wengi waliokuja baadaye walimhesabu kuwa ndugu wa bafe. Kufanana huko kulikuwa kwa nje tu. Mifupa, misuli na baadaye vinasaba vilionyesha kwamba alifikia chonge zake kwa njia yake mwenyewe.

Nduguze wa kweli wamo humu humu pwani na hawafanani naye kabisa kwa tabia. Kuna nyoka wadogo wa jenasi ya Aparallactus ambao chakula chao ni tandu. Ndiyo, tandu: yule anayewafanya watu wazima waruke kitandani. Nyoka mwembamba kama kalamu humng'ata, humng'ang'ania hadi sumu imkolee, kisha humeza mzima pamoja na miguu yake yote. Mmoja wao, Aparallactus turneri, alielezwa mwaka 1935 na Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho la Nairobi kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Harvard. Ni nyoka wa pwani ya Kenya.

Na wapo ambao ukoo wao ulipatikana juzi tu. Micrelaps, nyoka wadogo wa nchi kavu wenye sumu, walikuwa wakihamishwa kutoka kundi moja hadi jingine kwa zaidi ya karne. Spishi moja iko Israeli na nchi jirani, nyingine ziko Afrika Mashariki, mojawapo ikiwa katika nyika za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Vinasaba vilipochunguzwa, ilibainika kwamba walijitenga na wengine miaka kama milioni 50 iliyopita, na mwaka 2023 wakapewa jamii yao wenyewe, Micrelapidae.

Je, wajua kwamba mwili wako hutengeneza kitu kinachokaribiana na sumu yake?

Mwaka 1950 mtaalamu Georg Haas alieleza nyoka mchimbaji wa Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi. Ni ndugu wa karibu wa hawa wetu, mweusi vilevile, wa jangwa hasa. Madaktari wa huko waligundua kwamba baadhi ya waliochomwa walionyesha dalili za moyo: mapigo yaliharibika mpangilio, na mashine ya kupima moyo ilichora mistari inayofanana na ya mtu ambaye damu haifiki vizuri kwenye misuli ya moyo wake. Mwanasayansi Elazar Kochva na wenzake wakaanza kuichambua sumu hiyo na kupata protini fupi wakaziita sarafotoksini, kutokana na jina la Kiebrania la nyoka mwenyewe.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, kikundi cha watafiti katika chuo kikuu cha Tsukuba, Japani, hakikuwa kikishughulika na nyoka. Kijana Masashi Yanagisawa na wenzake walikuwa wakitafuta kile ambacho utando wa ndani wa mishipa ya damu hukitoa ili mishipa ijibane. Machi 1988 walitangaza kwamba wamekipata. Wakakiita endothelini: mnyororo wa asidi amino 21, wenye nguvu ya kubana mishipa kuliko vyote vilivyokuwa vikijulikana wakati huo.

Miezi michache baadaye mpangilio wa sarafotoksini ukachapishwa. Asidi amino 21. Mafundo yanayoushika mnyororo yako mahali palepale, na sehemu kubwa ya mfuatano ni ileile. Nyoka wa jangwani na binadamu wana ufunguo wa kufuli moja. Tofauti ni kwamba binadamu hutoa kidogo, kwa kipimo, na nyoka humimina.

Ugunduzi huo haukuishia maabara. Kufahamu jinsi endothelini inavyobana mishipa kuliwapa wafamasia shabaha, na mwaka 2001 Marekani iliidhinisha bosentani, dawa ya kunywa inayozuia endothelini isifanye kazi yake. Huwasaidia wagonjwa ambao shinikizo la damu limepanda katika mishipa ya mapafu. Sarafotoksini zilitumika miaka hiyo kama chombo cha kuchunguzia kufuli hiyo.

Mtu wa Kwale asiogope kupita kiasi kwa habari ya moyo. Visa vikali vya namna hiyo vimeandikwa zaidi kwa ndugu wa Ein Gedi na wa kaskazini. Huyu wa kwetu anajulikana kwa maumivu makali yanayoanza mara moja, uvimbe unaopanda, mitoki, malengelenge, na pengine nyama ya kidole kuoza. Vifo ni nadra. Kidole kilichokatwa si nadra vile.

Je, wajua kwamba sindano ya hospitali haimhusu?

Dawa ya kuzima sumu hutengenezwa kwa kumdunga farasi viwango vidogo vya sumu ya nyoka waliochaguliwa, kisha kuchukua kinga iliyojengeka katika damu yake. Dawa humtambua nyoka ambaye sumu yake ilitumika, na pengine ndugu zake wa karibu. Ile maarufu ya Afrika Kusini hutokana na sumu za nyoka kumi, wakiwemo bafe, koboko na swila. Nyoka mchimbaji hayumo. Kumdunga aliyechomwa na huyu ni kumpa gharama, na hatari ya mzio mkali, bila faida.

Kwa hiyo daktari anayejua ni nani aliyechoma ana nafuu kubwa. Atatibu maumivu, ataangalia uvimbe na moyo, atasafisha kidonda na kumpa chanjo ya pepopunda. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali inatosha kabisa kumtambulisha nyoka. Kumleta mwenyewe ndani ya kikopo si lazima, na kumleta mkononi hata akiwa amekufa ni balaa, kwa sababu kichwa cha nyoka huendelea kuuma kwa muda baada ya kukatwa.

Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Tuliza kiungo, usikifunge kamba, usichanje kwa wembe, usinyonye. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalobandikwa kwenye jeraha na ambalo nyumba nyingi za mashambani bado zimelihifadhi, halinyonyi sumu. Linanyonya saa, na kwa aliyegongwa na koboko saa ndizo zinazoamua. Bodaboda ya kwenda hospitali ya rufaa ya Msambweni, au kituo kilicho karibu zaidi, ndiyo iitwe kwanza.

Kenya ina watu waliolishughulikia suala hili muda mrefu. James Ashe, aliyewahi kusimamia nyoka wa makumbusho ya Nairobi, alianzisha na mkewe Sanda kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Alifariki 2004. Miaka miwili kabla yake kilitoka kitabu kikubwa cha reptilia wa Afrika Mashariki alichoandika pamoja na Stephen Spawls, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Robert Drewes. Swila mkubwa anayetema sumu aliyetambuliwa kuwa spishi mpya mwaka 2007 amepewa jina lake, Naja ashei. Shirika la Afya Duniani nalo liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017. Kwa makadirio yake, kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka.

Je, wajua kwamba wengi unaowadhania kuwa yeye hawana hata sumu?

Jembe likigeuza udongo wa shamba la muhogo, kinachong'aa na kujipinda kinaweza kuwa kimoja kati ya vingi. Ndumakuwili ndiye wa kawaida: mkia butu kama kichwa, macho madoa mawili chini ya magamba, chakula chake mchwa na mayai ya chungu. Hana sumu, wala kinywa cha kumuuma mtu. Tatizo ni kwamba kwa haraka ya shambani watu hukosea upande wa pili, wakamwokota mchimbaji wakidhani ni ndumakuwili. Huko Afrika Kusini vijana wapenda nyoka huchomwa kila mara kwa kosa hilohilo.

Ndumakuwili mmoja wa mjini, Indotyphlops braminus, ana urefu wa sentimita 15 hivi na asili yake ni Asia. Amefika pwani yetu, visiwani na mabara mengine akiwa ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Hakuhitaji mwenzi wa kusafiri naye: spishi nzima ni majike, hutaga mayai bila dume, na binti anayeangua anafanana kwa vinasaba na mama yake. Chungu kimoja chatosha kuanzisha ukoo.

Kisha kuna asiye nyoka hata kidogo. Changamwe, ng'ambo ya feri ya Likoni, imempa jina Boulengerula changamwensis, aliyeelezwa na Loveridge yuleyule mwaka 1932. Anaonekana kama mnyoo wenye pingili, lakini ana uti wa mgongo. Ni amfibia, kama walivyo vyura. Ndugu yake wa milima ya Taita, Boulengerula taitana, aliwashangaza wanasayansi mwaka 2006. Jike akishaangua, ngozi yake ya nje huwa nene na kujaa mafuta, na watoto, waliozaliwa na meno maalumu kwa kazi hiyo, huibandua na kuila akiwa hai. Baada ya siku chache ngozi nyingine imekwisha kuota, na watoto wanarudi mezani.